Mshahara Waliokataa Kuupokea



Juma lililopita, baada ya darsa ya alasiri, alinijia binti mmoja afanyaye kazi za nyumbani mtaani kwetu. Akaniuliza kwa haya: "Sheikh, ni dhambi kumdai mama mwenye nyumba mshahara wangu wa miezi mitatu, ilhali ananilisha na kunivisha?" Nikamjibu kuwa si dhambi, ni haki yake. Usiku ule nikamkumbuka askari mmoja wa zamani, nikaona kisa chake kitatufaa sote.

Askari huyo alizaliwa Bornu, upande wa Ziwa Chad, yapata mwaka 1836, akaitwa Mohammed Ali bin Said. Baba yake alikuwa jemadari, naye mwenyewe alifunzwa Kiarabu tangu utotoni. Watuareg wakamteka, wakamvusha Jangwa la Sahara, akauzwa utumwani. Alipita Tripoli na Uturuki hadi Urusi, ambako alibatizwa na kupewa jina la Nicholas. Mwishowe alifika Marekani, akawa mwalimu Detroit.

Wakati huo Wamarekani walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe. Majimbo ya Kusini yalitaka kujitenga ili utumwa udumu. Mwaka 1863 Said, aliyeujua utumwa kwa mwili wake, alijiandikisha katika kikosi cha 55 cha Massachusetts, kikosi cha askari weusi.

Walipelekwa South Carolina. Katika joto la kiangazi walichimba mahandaki na kubeba mizigo, mizinga ikivuma juu ya vichwa vyao. Ilipofika siku ya malipo, wakaambiwa kuwa askari mweupe ni dola 13 kwa mwezi, na mweusi ni dola 10, tena akatwe dola 3 za nguo. Mkononi zikabaki dola 7.

Wakakataa. Serikali ya jimbo lao ikajitolea kuwajazia pengo, nazo pia wakazikataa. Walisema kuwa wakizipokea, watakuwa wamekiri wenyewe kwamba thamani yao ni pungufu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja walifanya kazi bila ya kushika hata senti, na huko makwao wake na watoto wao wakipata dhiki. Tuwafikirie wanawake wale, waliosubiri fedha zisifike, na bado waume zao wakasimama imara. Mwezi Juni 1864 ndipo Bunge lilipopitisha sheria ya malipo sawa. Novemba 30 mwaka huo kikosi kikapigana Honey Hill, na wengi wao wakauawa na kujeruhiwa. Februari 1865 kikaingia Charleston, mji uliokuwa ngome ya wenye watumwa.

Said alipanda hadi cheo cha sajini, kisha akaomba ashushwe awe koplo ili ahamie hospitali ya jeshi na kujifunza tiba. Mwaka 1873 akachapisha kitabu cha maisha yake.

Mama zangu na dada zangu, nimezitaja dola 3 za nguo kwa makusudi. Tunapomwambia binti wa kazi, "Si unakula hapa? Si nimekupa dera la Idi?", kisha tukazuia mshahara wake, tunamkata zile dola 3. Chakula na nguo ni ihsani, nayo ina thawabu zake. Ujira ni deni. Mtume wetu (S.A.W.) ametuagiza mfanyakazi alipwe kabla ya jasho lake kukauka, wala hakusema tuhesabu sahani alizokula. Nasi akina baba tusijitoe, kwani mara nyingi mama hana cha kulipa kwa sababu sisi hatukumpa.

Askari wale walikuwa na wenzao mamia wa kukataa pamoja. Binti wa jikoni yu peke yake, na akikataa atalala njaa. Basi tusimngoje adai. Mwezi unakaribia kuandama; tumwite, tumhesabie chake chote mkononi, na tumwombe radhi kwa kumchelewesha.

Wabillahi tawfiq.