Tukishawasindikiza, Tunawatupa

Kila mwaka inapofika Septemba tunawaona vijana wetu wakiondoka kwenda masomoni ng'ambo: Uingereza, India, China, Uturuki, Marekani. Tunawaona pia wanaowasindikiza. Bibi anaomba dua, shangazi amefunga dagaa na unga, na mwenyekiti wa tawi anatoa hotuba ndefu kupita kiasi. (Hata sisi wa gazeti hili tumewahi kutoa hotuba za namna hiyo.) Eropleni ikipaa, kila mtu hurudi kwake akidhani kazi imekwisha.

Sisi twasema kazi ndiyo kwanza inaanza, na sehemu yetu katika kazi hiyo tumeitupa.

Wazee wetu wanakumbuka Septemba 1959, wanafunzi 81 walipoondoka Nairobi kwa ndege ya kukodi kwenda Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa huko. Mwaka 1960 mpango ule ulipanuliwa ukawachukua na vijana wa Tanganyika, Unguja na Uganda. Wakoloni hawakuupenda. Wananchi waliuza ng'ombe, wakafanya karamu za chai na ngoma ili kijana wao asiende mikono mitupu. Ilikuwa fahari, na fahari hiyo ilikuwa mzigo pia. Kijana aliyesomeshwa kwa ng'ombe wa watu ataandikaje nyumbani kwamba mtihani umemshinda, au kwamba usiku analia?

Haandiki. Ndugu Kwame Nkrumah alikwenda Marekani mwaka 1935 kusoma katika chuo cha Lincoln, Pennsylvania. Aliuza samaki Harlem, akafanya kazi melini, na kuna usiku aliokosa pa kulala akalala ndani ya treni za chini ya ardhi, akizunguka nazo mpaka kuche. Haya aliyaeleza mwenyewe katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1957, alipokwisha kuwa Waziri Mkuu. Mtu akishashinda, shida zake huwa hadithi tamu ya kuwasimulia wengine. Je, yule ambaye bado hajashinda amwambie nani?

Leo barua haichukui wiki tatu. Kila kijana ana simu, na mama anamwona uso. Lakini tazama wanavyozungumza. “Hujambo mwanangu?” “Sijambo mama, baridi kidogo tu.” Kumbe hiyo “baridi kidogo” ni mji kama Edinburgh, ambako mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu na saa tatu asubuhi na kuchwa kabla ya saa kumi jioni. Ni chumba ambacho jirani wa mlango wa pili hajawahi kumwamkia. Ni darasa ambalo mwalimu huzungumza saa nzima kisha huondoka, na insha hurudishwa na maneno kwamba amerudia ya vitabuni bila kusema yeye mwenyewe anaonaje. Huku kwetu kijana huyu alisifiwa kwa kukariri! Si mjinga. Anajifunza kusoma upya, kwa lugha ya watu, huku akihesabu kodi ya nyumba.

Na wakati huo huo simu inalia: ndugu anaomba ada, binamu anaomba kiatu. Twasema bila kuficha kwamba jambo hili ni aibu yetu. Mtu ambaye hajamaliza hata miezi mitatu ugenini tunamgeuza benki, kisha tunashangaa akiacha kupokea simu.

Wanafunzi nao tuna neno nao. Msijifungie chumbani kwa kuona haya. Wenzetu wa Afrika Magharibi waliunda chama chao London mwaka 1925, kiitwacho WASU, na mwaka 1933 wakafungua nyumba yao wenyewe, kwa kuwa wenye nyumba wengi wa Kizungu walikuwa wakiwafungia milango. Mgeni alipata kitanda, chakula cha kwao na mtu wa kumwonyesha njia. Humo humo walizungumza siasa, na wakoloni wakaanza kukosa usingizi. Aliyetangulia kufika amngoje mwenzake kituoni, amwonyeshe sokoni kunakouzwa unga, amfundishe kuvaa nguo mbili mbili, amwambie kwamba muhula wa kwanza aliufanya vibaya hata yeye. Neno hilo la mwisho lapita koti.

Wako watakaosema tunawadekeza vijana, kwamba waliotangulia walivumilia. Kweli walivumilia. Wapo pia waliorudi kimya bila cheti na wale ambao hawakurudi kabisa, na hao hatuwahesabu kwa sababu hakuna aliyewafanyia karamu.

Kwa hiyo twayaomba matawi yote yaliyochangia safari za mwaka huu yafanye jambo moja kabla ya Krismasi. Daftari la michango bado lipo. Wateueni watu wawili katika waliotoa, mzee mmoja na mmoja aliyewahi kusoma ng'ambo, wampigie kijana simu wasimuulize matokeo. Wamwambie kwamba fedha zile zilikuwa zawadi, si deni, na kwamba akianguka mtihani tutapenda kusikia kwake kabla ya kusikia kwa watu. Kisha wanyamaze, wamsikilize yeye.