Kabla ya sherehe ya Lourdes, uliza nani hayupo

Kama wewe ni Mkatoliki wa Machakos, unajua Februari 11 huwa kuna shughuli. Kanisa kuu hapa mjini limepewa jina la Bikira Maria wa Lourdes, na hiyo ndiyo sikukuu yake. Lakini tarehe hiyo ina jina la pili ambalo vijana wengi hatulitaji: Siku ya Wagonjwa Duniani. Papa Yohane Paulo wa Pili aliitangaza mwaka wa 1992, na ikaadhimishwa mara ya kwanza 1993. Yaani siku tunayovaa nguo mpya na kuimba ndiyo siku ya mtu asiyeweza kuinuka kitandani. Sasa niambie, kwa ploti unayoishi, unamjua mgonjwa hata mmoja kwa jina?

Kuna wakati ungejibu haraka sana.

Kumbuka 2020. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa Machi 13. Kufikia Machi 22 serikali ilikuwa imesimamisha ibada, na Machi 27 kafyu ikaanza. Pasaka ya Aprili 12 tuliila nyumbani, misa ikiwa kwa simu na bando linaisha katikati ya mahubiri. Makanisa yaliporuhusiwa kufungua Julai, masharti yakaja nayo: watu wasiozidi 100, dakika 60 pekee, na walio chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wasije. Hebu fikiria hilo la mwisho. Susu aliyekufundisha ishara ya msalaba akaambiwa abaki nyumbani, na wewe uliyekuwa unaonekana Krismasi hadi Krismasi ukapata kiti cha mbele.

Halafu 2021 ikatupata tena. Machi 26, Machakos ilifungwa pamoja na Nairobi, Kajiado, Kiambu na Nakuru, na ibada za kukusanyika zikapigwa marufuku ndani ya kaunti hizo tano. Pasaka ilikuwa Aprili 4. Wakati huo Makueni ilikuwa bado chini ya Jimbo Katoliki la Machakos, manake Jimbo la Wote lilianzishwa 2023. Kwa hivyo jimbo ni moja, askofu ni mmoja, lakini Mkristo wa Wote aliweza kwenda kanisani Pasaka, na wa Machakos mjini akakosa kwa mwaka wa pili mfululizo. Sisi tulingoja hadi Mei.

Nani alishikilia kanisa wakati milango ilikuwa na kufuli? YouTube ilisaidia, sikatai. Lakini kazi kubwa ilifanywa na jumuiya, zile familia chache za mtaa mmoja zinazokutana kwa nyumba ya mtu kusoma Injili na kusali rozari. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele tangu miaka ya 1970, ila sisi vijana tulikuwa tunaziona ni mambo ya wamama. Korona ikatuonyesha zina maana gani. Katibu wa jumuiya alikuwa na daftari. Ndani yake kulikuwa na majina na namba za simu, na kichwani mwake alijua nani ana sukari, nani ana presha, nani amesimamishwa kazi na anaona haya kusema.

Mimi chuo kilifungwa Machi hiyo, na kilipofunguliwa karo haikuwepo, basi nikabaki mtaani. Nikawa wa kutumwa. Peleka unga pale kwa mama wa watoto watatu. Chukulia susu dawa. Mfungulie mzee misa kwa simu. Hakuna aliyeniuliza kama nimeungama. Nilikuwa naulizwa: nani alifungua mlango, na anaonekanaje?

Hilo swali ndilo tumeacha kuuliza. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, barakoa zikaondoka Machi 2022, kanisa likajaa tena. Lakini ukiangalia kikundi cha WhatsApp cha jumuiya nyingi leo, ni picha za "asubuhi njema" na orodha ya michango. Susu aliyezuiwa kwa sababu ya umri, kuna mahali hajarudi hadi sasa, na hakuna anayejua kama ni magoti, ni nauli ya boda, au ni kwamba aliona hakuna aliyemkosa. Vijana pia wako hivyo. Wengi walioacha kuja hawakugombana na Mungu. Hawakuulizwa tu.

Tena huyu msichana wa Lourdes tunayemwimbia, unajua alikuwa nani? Februari 11, 1858, Bernadette Soubirous alikuwa na miaka 14 na alikuwa ameenda kutafuta kuni. Familia yake ilikuwa maskini hadi ikaishi kwenye chumba kilichowahi kuwa jela. Kusoma alikuwa bado hajui. Aliugua kipindupindu akiwa mtoto, akapona, lakini pumu ilimfuata hadi akafa 1879 akiwa na miaka 35. Hata paroko hakumwamini mwanzoni. Sasa mlete huyo Bernadette Katoloni leo: mgonjwa, hana kazi, hana cheti, anakohoa kwenye chumba cha kukodi. Tungemweka mbele ya maandamano, ama hata tusingejua yuko?

Najua utaniambia kanisa pia lilituangusha. Kuna vijana waliopima watu joto mlangoni, waliomwaga sanitaiza, walioshika kamera ya misa, na hatari ilipoisha wakarudishwa nyuma, halmashauri ikabaki ya wazee. Lalamiko hilo ni la haki, na viongozi wa parokia walisikie. Mtu uliyemwamini na mlango wakati wa ugonjwa, mwamini na kiti kwenye kikao. Lakini usiwalipishe wagonjwa deni hilo. Yule jirani yako mwenye kiharusi hajawahi kukaa kwenye halmashauri yoyote.

Kwa hivyo kabla ya Februari 11, fanya hivi. Mpigie katibu au mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa wako, hata kama hujakanyaga huko tangu 2020, umwombe majina ya wasioweza kufika kanisani. Chagua mmoja. Piga simu kwanza, uliza kama anataka kutembelewa, manake si kila mgonjwa anataka wageni. Ukienda, kaa. Usipige picha, usimwambie angepona kama angekuwa na imani zaidi. Uliza kama anataka padri amletee Ekaristi au Mpako wa Wagonjwa, umpelekee padri ujumbe huo. Na kama ni shati linataka kufuliwa au maji yanataka kuchotwa, fanya hiyo kazi.

Ukishatoka hapo, njoo kwenye sherehe kama unataka. Kama hutaki, bado utakuwa umeiadhimisha. Ila rudi tena Machi, kwa sababu Februari 12 mgonjwa atakuwa bado yuko pale pale.