Nikeli ya Kabanga Nayo Iulizwe



Usiku wa tarehe 5 Novemba 2024, hata kukapambazuka, televisheni za ng'ambo zilituonyesha ramani ya Marekani, yenye rangi nyekundu na buluu. Zilihesabu kura za wajumbe kama mtu ahesabuye mabao: jumla yake 538, mshindi ni apataye 270. Tukafundishwa kuwa Pennsylvania peke yake ina 19. Mwishowe Bwana Trump alipata 312, Bibi Harris 226. Somo hilo tumelishika vema.

Lakini nauliza: katika kelele zote zile, nani kati yetu aliyesikia jina la Kabanga?

Kumbukeni kwamba Bibi Harris alifika Dar es Salaam mwezi Machi 2023, akiwa Makamu wa Rais wa nchi yake. Alisema Marekani itashirikiana nasi katika kiwanda cha kusafisha nikeli, na kwamba nikeli hiyo, ya kutengenezea betri, itauzwa kwao na kwingineko. Haikuwa ya kutoka mbinguni. Imo ardhini pale Kabanga, wilayani Ngara, na katika kampuni ya Tembo Nickel Serikali yetu ina hisa 16 kwa mia.

Basi uchaguzi ule ulituhusu. Ahadi ile ingekuwaje akishinda huyu, na ingekuwaje akishinda yule? Badala ya kuuliza hayo, tulikesha tukibishana juu ya Pennsylvania.

Siwalaumu watangazaji wa ng'ambo. Wao wawatangazia watu wao. Lawama ni yetu tukiazima macho yao na kuyaacha yetu. Ndugu zetu wa Biharamulo walioona dhahabu ya Tulawaka ikichimbwa tangu 2005, mpaka mgodi ukaingia mikononi mwa STAMICO mwaka 2013, wanajua kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa Ngara tunayo Redio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi. Taifa lina TBC. Wamarekani watapiga kura tena mwaka 2028. Yafaa watangazaji wetu wenyewe watueleze kila mgombea asemalo juu ya madini yetu, bei yake na kiwanda chake. Nasi katika mikutano ya vijiji tuwaulize viongozi maswali hayo hayo tangu leo, wala tusingoje ramani ya rangi mbili.