Neno la Mhariri: Usiwapatanishe Haraka

Mwanamke wa Silanga, Kibera, akipigwa usiku wa manane, mlango anaobisha kwanza mara nyingi si wa kituo cha polisi wala wa zahanati. Ni wa mama pasta. Mama pasta yuko karibu, hadai nauli wala kitambulisho, na atamfungulia. Kukikucha pasta anapewa habari, mume anaitwa, wawili wanakalishwa kwenye benchi katika kanisa la mabati. Maandiko yanasomwa, mume anaomba msamaha, wanashikana mikono, wanaombewa. Kabla ya saa sita mchana mume yuko mjengoni, mke amerudi kwenye chumba kile kile, na kanisa limehesabu ndoa moja iliyookolewa.

Toleo hili tumelitenga kwa mafunzo ya uchungaji na ushauri wa familia, na ninalo jambo moja la kusema kabla ya kuwaachia waandishi wetu uwanja. Wachungaji wa Kibera na Kawangware hawakosi semina. Wamefundishwa kupatanisha mpaka wamebobea. Hawajafundishwa kungoja, wala kukataa kupatanisha pale inapobidi. Mafunzo yanayopima ufanisi kwa idadi ya waliorudiana yatazidi kuwarudisha wake kwenye kipigo, tena kwa jina la Mungu.

Ushauri nasaha wenye jina hilo uliingia Kibera kwa mlango wa UKIMWI. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vituo vya kupimwa kwa hiari vilienea nchini, na shirika la Médecins Sans Frontières likaendesha zahanati kadhaa ndani ya Kibera, Silanga ikiwamo, kabla ya kuikabidhi kaunti Kituo cha Afya cha Kibera Kusini mwaka 2017. Katika vituo hivyo wengi wetu tuliona kwa mara ya kwanza mtu aliyeajiriwa kusikiliza. Hakuhubiri. Hakuuliza ulilala na nani ili akukemee. Tena mnasihi yule naye alikuwa na msimamizi, mtu wa kukaa naye na kupitia kesi zake, kumwuliza alikosea wapi na anabeba nini moyoni. Makanisa yaliiga mengi kutoka vituo vile: chumba cha faragha, msamiati, hata fomu. Usimamizi yaliuacha hapo hapo.

Kisha ukaja mwaka 2008. Baada ya fujo za uchaguzi, reli iling'olewa Kibera, Soko la Toi likateketezwa, majirani wa miaka mingi wakafukuzana kwa kabila, na ghafla kila shirika likawa na semina ya kuponya majeraha. Siku tatu ukumbini, chai na mandazi, chakula cha mchana, cheti. Sibezi semina zile, kwa maana zipo zilizowazuia watu wasijiue. Lakini zilituachia mazoea mabaya mawili: kwamba mshauri huiva kwa siku tatu, na kwamba kila mgogoro ni wa pande mbili zilizokoseana sawasawa. Mazoea hayo ya pili yanafaa pale mitaa miwili jirani inapogombana. Yakipelekwa kitandani, ambako mmoja ana ngumi na mwingine ana jicho lililovimba, yanakuwa uongo.

Lugha yetu nayo inachangia. Wagombanao ndio wapatanao, tunamwambia mama aliyevunjwa mkono, kana kwamba naye aligomba.

Nairobi haina uhaba wa wenye ujuzi. Kituo cha Ushauri cha Amani kimefundisha wanasihi tangu 1979. Gladys Mwiti alianzisha Oasis Africa mwaka 1990, na katika kitabu alichoandika pamoja na Alvin Dueck alitetea unasihi wa Kikristo unaoanza na Mwafrika alivyo, pamoja na ukoo na jamaa zake. Chuo Kikuu cha Pan Africa Christian kinafundisha tiba ya ndoa na familia hadi shahada za juu. Limuru kuna Chuo Kikuu cha St. Paul's; Lang'ata kuna Tangaza. Wote hawa wako umbali wa matatu moja au mbili kutoka Silanga. Lakini kozi ni za Kiingereza, karo ni ya mwenye mshahara, na wengi wanaoongoza makanisa ya mabati hawakumaliza sekondari. Anayefuzu huko, na hili silisemi kwa kijicho, mara nyingi hapati sababu ya kurudi kuketi kwenye benchi ya Silanga bila malipo.

Basi je, kazi hii tuwaachie wataalamu tu? Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya 2014 inataka anayefanya kazi hiyo kama taaluma asajiliwe, na ni vyema. Lakini mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, na kifungu chake cha 64 kinawaruhusu waliofunga ndoa ya Kikristo kutafuta upatanisho katika chombo cha kanisa walikofungia ndoa hiyo. Yaani dola inamtambua mchungaji kama mpatanishi bila kuuliza nani alimfundisha. Baada ya maafa ya waumini huko Shakahola mwaka 2023, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, mjadala wa kuwadhibiti wahubiri ulirudi kwa nguvu, na wengi wanadai kila mhubiri awe na cheti cha theolojia. Pendekezo kama hilo lilizimwa na makanisa mapema mwaka 2016. Mimi sina ugomvi na cheti. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuwa na shahada ya theolojia na bado akamrudisha msichana wa miaka kumi na minne kwa mjomba aliyemnajisi, kwa kuwa mjomba ametubu.

Ushahidi kwamba mtu wa kawaida anaweza kuifanya kazi hii vizuri tunao, na ni wa Nairobi. Mwaka 2015 wanawake 421 wa pembezoni mwa jiji hili, waliokuwa na msongo mkubwa wa mawazo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, walishirikishwa katika jaribio la mbinu iliyobuniwa na Shirika la Afya Duniani. Wanawake 209 walipata vikao vitano, kimoja kila wiki, na wahudumu wa afya wa jamii ambao hawakuwa wanasaikolojia. 212 wakapata huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: miezi mitatu baada ya vikao, waliokaa na wahudumu wale walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao. Zimbabwe nako, Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha akina bibi kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati tangu 2006, na kazi yao imepimwa ikathibitika.

Wanaopenda kutaja kazi hizi makanisani husimulia akina bibi na benchi, watu wakapiga makofi. Husahau kutaja kwamba wahudumu wale wa Nairobi walikuwa na kikao cha usimamizi kila wiki, na kwamba mbinu yao iliwafundisha mipaka: kufanya haya, kuacha yale, na mtu wa aina hii kumpeleka mbele. Hakuna aliyewatuma kuokoa ndoa. Walitumwa kumsaidia mwanamke mmoja apange matatizo yake, apumue, arudi kwa watu wanaomjali.

Sasa turudi chumbani, kwa sababu vitabu vingi vya ushauri wa familia viliandikwa na watu wenye sebule. Chumba cha kumi kwa kumi kina kitanda, pazia, jiko, mtungi wa maji na watoto. Ukuta ni bati au udongo. Jirani anakohoa na wewe unamsikia. Mshauri anayewaambia wanandoa watenge muda wa faragha wazungumze bila watoto anastahili kwanza kulala hapo wiki moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa Wakatoliki mambo ni magumu zaidi na mepesi zaidi kwa wakati mmoja: jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wao wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele mwaka 1976, hukutana nyumba kwa nyumba, kwa hiyo msikilizaji wako wa siri ni yule yule mnayepanga foleni naye ya maji. Kutunza siri katika hali hiyo si kiapo tu, ni ustadi. Unakutana naye wapi mtu? Unamsalimuje kesho yake mbele ya wengine? Ukimtembelea yeye peke yake, mtaa unaelewa nini? Maswali haya sijayaona kwenye silabasi hata moja kati ya zilizopita mezani pangu.

Kuna pia suala la ndoa yenyewe. Wengi wanaoletwa mbele ya mchungaji wameishi pamoja miaka kumi, wana watoto watatu, na hawajafunga ndoa popote, ni njoo-tukae. Mchungaji wa kwanza anawaambia wanaishi katika dhambi, watengane. Wa pili anawaingiza kwenye harusi ya pamoja ya watu ishirini, keki moja, na kuhesabu ushindi. Wote wawili hawajauliza kama mwanamke huyu anataka kuolewa na mtu huyu. Tena mwanamke huyo ajue kwamba kuishi pamoja muda mrefu hakumlindi kisheria kama zamani: Januari 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya MNK dhidi ya POM, ilikataa dhana ya kuwapo kwa ndoa kati ya wawili walioishi pamoja miaka mingi, ingawa iliwagawia mali asilimia 70 kwa 30. Mshauri wa familia asiyejua jambo hilo anamshauri mama huyo gizani.

Waislamu wa Makina, wengi wao Wanubi waliotutangulia sote kuikalia Kibera, wana utaratibu tunaoweza kujifunza. Sura An-Nisaa, aya ya 35, inaelekeza mpatanishi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke. Mke hayuko peke yake kikaoni. Linganisha na benchi yetu, ambako pasta ni mwanamume, mzee wa kanisa ni mwanamume, mume ni mwanamume, na anayelia ni mmoja. Mwanatheolojia wa Kongo, Masamba ma Mpolo, alisisitiza miaka mingi kwamba Mwafrika anapougua, ukoo mzima unapaswa kuketi kitako. Ugumu ni kwamba ukoo wa Silanga uko Siaya, Vihiga au Machakos, na unafika kwa simu, mara nyingi kwa ajili ya kusema, vumilia.

Na pesa. Jamani, pesa. Nimesoma miswada mingi ya toleo hili iliyotaja mawasiliano, upendo, hata mapepo, na michache iliyotaja Fuliza, mkopo wa simu. Mume aliyebeti kodi ya nyumba, mke mama fua aliyekopa kwa simu bila kumwambia mume, mwenye nyumba aliyeng'oa mlango: hapo ndipo ugomvi wa mwezi huanzia. Mchungaji anayeweza kuketi na wawili hao, kalamu mkononi, wakaandika deni lote kwa jumla, amefanya ushauri wa familia.

Lakini narudi kwenye hoja yangu, maana hapa ndipo watu hufa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimwachii mchungaji wala mzee wa kijiji kuamua kesi ya mtoto aliyenajisiwa. Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inampa mwanamke haki ya kuomba amri ya mahakama ya kumlinda, na inatambua hata ukatili wa kingono ndani ya ndoa na kunyimwa riziki. Aliyebakwa anapaswa kuanza dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72. Kikao cha wazee kikisubiri Jumapili, saa hizo zimekwisha. Hospitali za Mbagathi na Kenyatta haziko mbali, Hospitali ya Nairobi Women's imekuwa na kituo cha waliodhulumiwa tangu 2001, na simu 1195 ni bure. Mchungaji aliyefunzwa atatoka na mtu huyo usiku ule ule, na mazungumzo ya msamaha, kama yatakuwapo, yatangoja majeraha yaandikwe kwenye fomu ya polisi ya P3.

Ninachopendekeza hakina mvuto kwa wafadhili, kwa sababu hakipigiki picha. Fedha za semina nne za hotelini zilipe mnasihi mmoja aliyesajiliwa, aje Silanga kila Jumanne ya pili, aketi na wachungaji wanane na wake zao wapitie kesi bila kutaja majina: nini kilisemwa, nini kiliachwa, nani yuko hatarini sasa hivi. Afanye vivyo hivyo Kawangware. Mafunzo yenyewe yawe kwa Kiswahili. Na mama pasta asiitwe kupika chai ya semina. Yeye ndiye anayefungua mlango usiku; aandikishwe wa kwanza, na kama nafasi ni moja kwa kila kanisa, iwe yake.

Najua wako wachungaji watakaoona nimewavunjia heshima, na walimu wa vyuo watakaosema nashusha viwango. Barua zao tutazichapa katika toleo lijalo bila kuzifupisha. Za akina mama pasta zinaweza kuletwa kwa mdomo. Tutaziandika sisi, bila jina.