Msitu Uliobaki Jina



Kibera ni neno la Kinubi, Kibra, na maana yake ni msitu. Askari wa Kinubi walipokalishwa pale mwanzoni mwa karne iliyopita, eneo lilizidi ekari 4,000. Mwaka 2017 wajukuu wao walipokea hati ya ekari 288, msitu hawakuukuta.

Hulikumbuka hilo kila nisikiapo ndugu wa Kawangware, au kwengineko, wakigombania kuuza shamba la miti aliloliacha marehemu baba yao. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inampa mwenye ardhi njia nyengine: kufunga, kwa hiari yake, mapatano ya hifadhi. Ardhi hubaki yake na hurithiwa, ila sharti, mathalani kutofyeka msitu, huifuata ardhi hata ikipata mwenyewe mwengine. Hapo ndipo yanapotengana na wakfu, ambao huitoa mali milkini kabisa. Kule Kitengela, kusini ya Mbuga ya Nairobi, tangu mwaka 2000 wafugaji walilipwa kwa kila ekari waliyoiacha bila ua. Lakini ule ulikuwa ukodishaji, wenye kikomo.

Mimi nauona ni mlango mwema, kwa tahadhari moja. Sharti hilo litawabana warithi, na mirathi si jambo la kuchezewa. Basi baba asitie saini kimya kimya. Mke na mabinti, ambao mara nyingi huzisikia habari za shamba baada ya mazishi, wakae naye kitako, na kadhi aulizwe kabla ya wakili.