Ankara ya mteja imfikie mteja

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo niliujua Karagwe, nchini Tanzania, nilikosoma nikiwa mtoto wa mkimbizi. Mwalimu wetu wa hesabu aliuandika ubaoni kila tulipoanza somo la ankara. Tulichora mistari: idadi, bidhaa, bei ya kila moja, jumla. Sikudhani kwamba nikiwa mwalimu huku nyumbani Rwanda, msemo huo ungenirudia kwa aibu.

Wazazi wa shule yetu walichanga fedha, nikatumwa kununua madaftari na chaki. Muuzaji aliandika kwenye kompyuta yake, risiti ikatoka, nikaitia mfukoni. Wiki sita baadaye kamati ya wazazi ilipotaka hesabu, nilitoa karatasi nyeupe. Karatasi zile huandikwa kwa joto, na maandishi yake huweza kufifia. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hii ndiyo hesabu uliyotuletea?"

Nilirudi dukani. Kumbe ankara yangu ilikuwa salama ndani ya kompyuta, kila daftari na bei yake. Muuzaji aliituma kwenye simu yangu kwa dakika moja tu. Kama ilikuwemo siku zote, kwa nini haikutumwa siku ile ile?

Hilo ndilo swali langu kwa wenye maduka. Serikali zetu zimekwisha kujiwekea utaratibu wao. Tanzania ilianza kutumia mashine za EFD mwaka 2010, Rwanda ikafuata na EBM mwaka 2013, na Uganda ikaleta EFRIS mwaka 2021. Muuzaji anapoandika mauzo, taarifa huenda mamlaka ya mapato. Hapa Rwanda, tangu mwaka 2024, mnunuzi wa mwisho aliyejiandikisha na kudai ankara ya EBM hurudishiwa asilimia 10 ya TVA aliyolipa. Basi mwenye duka ana kumbukumbu, mamlaka ina kumbukumbu. Aliyetoa fedha ndiye anayeondoka na kikaratasi.

Anayeumia zaidi ni mfanyabiashara mdogo wa mpakani. Mama anayevuka Rusumo na mzigo wake hawezi kurudi Kigali kutafuta nakala. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo katika orodha iliyokubaliwa, unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Lakini thamani ya mzigo huonyeshwa na nini kama si ankara? Asiyekuwa nayo hubaki kubishana na ofisa wa forodha kwa maneno matupu, na faida ya safari nzima inaweza kuishia hapo.

Wapo watakaosema kwamba si kila mteja ana simu ya kisasa wala baruapepe. Ni kweli. Huyo atumiwe ujumbe mfupi wenye namba ya ankara, tarehe, jina la duka na jumla ya fedha, naye apewe karatasi yake kama kawaida. Akipoteza karatasi, namba hiyo itamsaidia muuzaji kuitafuta ankara bila kubahatisha.

Hata hivyo, tahadhari inatakiwa. Tarakimu moja ikikosewa katika daftari la wateja, mambo yangu yatasomwa na mtu mwingine. Muuzaji amsomee mteja namba yake kabla ya kuihifadhi. Tena namba iliyotolewa kwa ajili ya ankara isigeuzwe ya kutangazia biashara. Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2021.

Nasi wanunuzi tusijitoe lawamani. Wengi wetu tuliorudi kutoka uhamishoni tulijifunza kuishi bila karatasi, maana karatasi tulizokuwa nazo hazikuheshimiwa popote. Mazoea hayo yamepitwa na wakati. Usiondoke dukani kabla ankara haijaingia kwenye simu yako, nawe uisome hapo hapo: bidhaa, idadi, bei, jumla.

Mimi kamati yangu iliniamini baada ya kuiona ankara kwenye simu. Lakini siku ile nilipotoa karatasi nyeupe mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, sitaisahau.