Mmempeleka Shamba Mpaka Harusi Ipite

Najua mmekuja kutafuta mishono ya Mfungo Mosi. Mishono itakuja, lakini leo nina donge na lazima nilitoe.

Msimu uliopita nilimshonea biharusi mmoja nguo tatu. Siku ya kwenda kwao kupima, nyumba imejaa watu, hina inakorogwa, vicheko mpaka uani. Nikauliza mdogo wake yuko wapi. Mtoto wa miaka 11, hatembei, hakai bila ya kuegemezwa, na mgongo umeanza kupinda upande. Mama yake akaninong'oneza: "Tumempeleka shamba mpaka harusi ipite. Watu wa mume hatujawaambia." Nikanyamaza. Nikamaliza kupima na pesa yangu nikapokea. Baada ya wiki tatu mtoto karudi na kidonda juu ya kitokono, kidole kinaingia. Kule shamba walimlisha na walimwogesha. Hakuna aliyemgeuza.

Mimi skuli niliishia fomu foo, baada ya hapo ni charahani. Sio muuguzi. Lakini haya wauguzi na watu wa mazoezi ya viungo wanayasema kila siku, na hayataki digrii. Mtoto asiyeweza kujigeuza anageuzwa, kila baada ya masaa mawili, ubavu huu, ubavu ule, mto katikati ya magoti. Ukimwogesha unamtazama kitokono, nyonga, visigino, mpaka masikio. Ukiona pekundu, bonyeza kwa kidole. Pakibaki pekundu vile vile, kidonda kimeshaanza ndani, usipalalie tena na wala usipasugue. Na lile pete la mpira tunalomkalisha juu yake tukidhani tunamsaidia, linabana damu pembeni na kuongeza balaa.

Kulisha ndio naona makosa makubwa zaidi. Mtoto kalala chali, uji unamiminwa mdomoni, akikohoa tunasema ana kifua. Kifua gani, na uji unaingia kwenye mapafu! Mkalishe, kichwa kiiname mbele kidogo, kijiko kidogo kidogo, na baada ya kula asilazwe kwa nusu saa.

Na mgongo? Haupindi kwa jini wala kwa kuchezewa na mtu. Misuli haina nguvu, au inavuta upande mmoja kuliko mwengine, mtoto anakaa kaanguka upande huo huo miaka nenda rudi huku anakua. Ukipinda sana mbavu zinabana mapafu. Tafadhali msimpeleke kwa mkandaji "amnyooshe". Mifupa ya mtoto asiyesimama ni dhaifu, inavunjika. Mkalisheni vizuri: matako nyuma kabisa ya kiti, miguu ikanyage kitu, mito huku na huku. Na mpelekeni hospitali mapema, Mnazi Mmoja wapo watu wa mazoezi ya viungo, msingoje awe na kibiongo.

Hapa niseme jambo la fundi. Mara ngapi nimempima msichana anayetembea vizuri kabisa, bega moja liko chini, pindo linakuja refu upande, mama ananiambia nimekosea kukata? Mwambie ainame mbele, mikono ining'inie, umtazame kwa nyuma. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko mwengine, hilo si la futi yangu, ni la daktari.

Na wale mnaogawa viti vya magurudumu mbele ya kamera: kiti ni kama nguo, kinapimwa. Mtoto wa miaka sita ndani ya kiti cha mtu mzima anaelea tu, na mgongo unazidi kupinda. Picha nzuri, mtoto kaumia.

Lakini kinachonikera zaidi ni maneno yetu. Tunakwenda kumtazama mama yake, tunamwambia "subira, Mungu kakuchagua wewe", tunakunywa chai, tunaondoka. Subira ya nani? Yeye usiku anaamka mara nne kugeuza, mchana anambeba mtoto wa kilo 25 mpaka mgongo wake mwenyewe unamuuma, na baba yupo barazani. Kumnyanyua kunataka watu wawili, wapinde magoti, mtoto awe karibu na kifua. Shangazi anayejua kukodi ukumbi hajui kushika zamu ya usiku mmoja?

Mnaogopa watu wa mume watasema ukoo una maradhi. Watoto wengi wenye utindio wa ubongo hawakurithi chochote. Wengine walichelewa kulia walipozaliwa, wengine manjano kali, wengine homa ya uti wa mgongo. Na mume atakayekimbia kwa kumuona shemeji yake, akimbie kabla ya akdi. Sura An-Nur, aya ya 61, imewataja kipofu, kiguru na mgonjwa kwamba hapana lawama kula pamoja nao majumbani. Pamoja. Hakutajwa shamba.

Nawe biharusi unayesoma: somo wako atakufundisha udi na singo, lakini nina wasiwasi kama atakutajia foliki asidi. Uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 za mwanzo za mimba, wakati wewe hujajua kama unayo. Ndio maana vidonge vinaanzwa kabla ya kushika mimba, maikrogramu 400 kwa siku, kupunguza hatari ya mtoto wa mgongo wazi. Uliza kliniki.

Yule mtoto kidonda kinafunga polepole, alhamdulillah. Nimemshonea kanzu ya Idi inayofunguka nyuma yote, mshono hakuna pale anapokalia, vifungo nimeweka mabegani asivilalie. Mwenye mtoto kama yeye aje na vipimo dukani, au aniite nije kumpima hapo hapo alipolala. Ushonaji wangu hautolipiwa, kitambaa tu uje nacho, na kiwe cha pamba.